Malezi ya kiroho: Elimu inayoanza na nafsi ya mhudumu kabla ya kuwafikia waumini

WAHENGA walinena kwamba mganga hajigangi na kinyozi hajinyoi. Ni semi ambazo huenda zikaeleza, kwa maneno machache, hali inayowakumba maelfu ya Wakristo ambao si mapadri wala wachungaji, lakini ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa kazi ya kanisa kila uchao.

Katika sehemu nyingi za Kenya, padri hufika katika kituo kidogo cha ibada mara moja kwa majuma kadhaa. Siku nyingine zote ni katekista anayeongoza sala, anayewafundisha watoto na anayeitwa usiku wa manane mgonjwa anapozidiwa. Katika makanisa ya Kianglikana, msomaji mlei huongoza ibada na hata mazishi. Kwa Wapresbiteri, ni mzee wa kanisa anayeketi na mume na mke waliofarakana. Na katika karibu kila dhehebu, mwalimu wa shule ya Jumapili ni kijana au mama aliyejitolea tu.

Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: ni nani anayemlisha huyo anayewalisha wengine? Anayewafariji wafiwa huliliwa na nani? Anayewahimiza watu wasamehe amejifunza wapi kusamehe?

Ni swali hilo linalowasukuma watu wengi kutafuta elimu inayojulikana kama malezi ya kiroho. Baadhi yao hujiandikisha katika vyuo vikuu, wengine huhudhuria mafungo ya siku chache, na wengine husoma nyumbani kwa taa baada ya kazi za shambani.

Je, elimu hii ni ipi? Hufundisha nini, na kwa nini wataalamu wa dini wanasema kwamba mhudumu asiyelelewa huweza kuwa hatari kwake mwenyewe na kwa wengine?

Maana ya malezi ya kiroho

Neno lenyewe linajieleza. Kulea si kufundisha tu. Mzazi anayemlea mtoto humpa chakula, humwelekeza, humkanya na kumvumilia hadi atakapokomaa. Vivyo hivyo, malezi ya kiroho ni safari ya taratibu ambamo tabia, mawazo, hisia na matendo ya muumini hugeuzwa hadi yafanane na ya Kristo.

Wanaofundisha somo hili hupenda kurejelea barua ya Mtume Paulo kwa Wagalatia, sura ya nne, ambamo anajifananisha na mama mwenye utungu wa uzazi akisubiri Kristo aumbike ndani ya waumini wake. Kwa hivyo shabaha ni kuumbika upya wala si kukariri.

Hapa ndipo malezi ya kiroho yanapotofautiana na theolojia ya kawaida. Mwanafunzi wa theolojia huulizwa mafundisho ya kanisa kuhusu sala yalivyokua karne baada ya karne. Mwanafunzi wa malezi ya kiroho huulizwa hayo pia, kisha akaulizwa kama yeye mwenyewe husali, jinsi anavyosali, na kinachomzuia asisali.

Aidha, malezi haya si ushauri nasaha. Mshauri hushughulikia tatizo fulani, kwa mfano ulevi au huzuni ya kufiwa, na kazi yake huisha tatizo linapopata ufumbuzi. Mlezi wa kiroho hutembea na mtu kwa muda mrefu, akimsaidia kutambua jinsi Mungu anavyotenda katika maisha yake ya kila siku, awe na tatizo au asiwe nalo.

Chimbuko lake ni Afrika

Kuna Wakristo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya kigeni, yaliyoletwa na wazungu. Historia yasema vingine. Miongoni mwa shule za mwanzo kabisa za malezi ya kiroho ni jangwa la Misri, hapa hapa barani Afrika.

Antoni wa Misri, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 251 na kufariki mwaka 356, alikuwa mtoto wa wakulima wenye mali. Baada ya kuisikia Injili ikisomwa kanisani, aliuza alichokuwa nacho akawapa maskini. Lakini hakukimbilia jangwani siku iyo hiyo. Kwanza alimwendea mzee mmoja wa kijiji jirani aliyekuwa amezoea maisha ya sala, akajifunza kwake. Wengi wa wale waliomfuata Antoni hawakuwa makasisi. Walikuwa walei, wanaume kwa wanawake, ambao vijana waliwaendea kuomba neno la kuwaongoza.

Kutoka huko jangwani, mazoea hayo yalisafiri hadi Ulaya. Yohane Kasiano, aliyeishi na watawa wa Misri kisha akahamia kusini mwa Ufaransa, aliandika mazungumzo yao mapema katika karne ya tano. Benedikto wa Nursia akayatumia katika kanuni yake karne iliyofuata. Katika karne ya 12, mtawa Guigo wa Pili wa shirika la Wakartusi akafafanua ngazi nne za kusoma Maandiko kwa sala, ambazo zinafundishwa hadi leo.

Ngazi hizo ni kusoma, kutafakari, kusali na kutulia. Msomaji huchagua kifungu kifupi na kukisoma polepole. Neno moja likimgusa, hulishika na kulitafuna moyoni kama mtu anayetafuna muwa akitafuta utamu wake. Kisha humjibu Mungu kwa sala. Mwisho hunyamaza, bila kuomba wala kusema lolote.

Mwanajeshi aliyegeuka mlezi

Mtu mwingine ambaye jina lake haliepukiki katika somo hili ni Ignatius wa Loyola, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1491. Mwaka 1521, akiwa mpiganaji katika mji wa Pamplona, mguu wake ulivunjwa na mzinga. Alipokuwa amelazwa akiuguza jeraha, alisoma vitabu viwili tu vilivyopatikana: kimoja kuhusu maisha ya Kristo na kingine kuhusu watakatifu.

Ignatius aligundua jambo la ajabu. Alipoota ndoto za ushujaa na mabibi wa kifalme, alifurahi kwa muda, kisha moyo ukabaki mkavu. Alipowaza kuishi kama watakatifu, furaha ilidumu hata baada ya mawazo kwisha. Kutokana na tofauti hiyo ndogo kulizuka elimu nzima ya kupambanua roho, yaani ustadi wa kutambua ni msukumo upi unatoka kwa Mungu na upi unampoteza mtu.

Baadaye alikusanya aliyojifunza katika kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Mazoezi kamili huchukua takribani siku 30 za ukimya. Hata hivyo, Ignatius alijua kwamba si kila mtu anaweza kuacha kazi na familia kwa mwezi mzima. Kwa hivyo aliweka mpango wa mtu kufanya mazoezi hayo nyumbani, kwa muda wa saa moja na nusu hivi kila siku, huku akikutana na mwongozi wake mara kwa mara. Mpango huo ndio unaowafaa walimu, wauguzi, wakulima na wafanyabiashara wa leo.

Lipo jambo jingine katika maisha ya Ignatius lenye funzo kwa wahudumu walei. Alipoanza kuwaongoza watu mjini Alcalá, alikuwa mlei asiyekuwa na elimu ya dini. Mwaka 1527 wakuu wa kanisa walimtia kizuizini kwa siku 42 wakichunguza mafundisho yake. Hawakupata kosa, lakini walimkataza kufundisha hadi asome zaidi. Mwaka 1528 aliingia Paris, akakaa darasani pamoja na vijana waliokuwa wadogo wake kwa umri. Kuuliza si ujinga, na mtu mzima aliyekwisha kuwa na wafuasi alikubali kuwa mwanafunzi tena.

Waprotestanti na wana-uamsho

Si Wakatoliki peke yao walioendeleza malezi haya. Mwaka 1742, Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, walitafuta njia ya kulipa deni la jengo lao. Walikubaliana kugawanyika katika makundi ya watu kumi na wawili hivi, kila kundi likiwa na kiongozi wa kukusanya peni moja kwa kila mtu kwa wiki.

Viongozi hao walipokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba, waligundua mengi: huyu amerudia ulevi, yule ana ugomvi na jirani, mwingine amekata tamaa. John Wesley alitambua mara moja kwamba mpango wa kulipa deni ulikuwa umezaa kitu cha thamani kuliko fedha. Makundi hayo yakawa madarasa ya malezi, na viongozi wake wengi walikuwa walei, wakiwemo wanawake.

Afrika Mashariki nayo ina urithi wake. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari mmisionari Joe Church aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mlei. Walisoma Biblia na kusali pamoja. Kutokana na urafiki huo uliovuka mipaka ya rangi, moto wa uamsho uliwaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukaenea hadi Kenya, Tanganyika na Burundi.

Nguvu ya uamsho huo ilikuwa katika mikutano midogo ya kila wiki, ambapo waumini waliungama makosa waziwazi, wakarejesha mali waliyoiba na kupatanishwa na maadui. Wazee wengi wangali wanaukumbuka kupitia wimbo wa Tukutendereza, ambao huimbwa hadi leo. Ilikuwa shule ya malezi isiyokuwa na jengo wala cheti, na wengi wa waalimu wake walikuwa walei.

Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa tamko kuhusu utume wa walei tarehe 18 Novemba 1965, na sura nzima ya tamko hilo inahusu malezi yao. Mwaka 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki walio katika muungano wa AMECEA walikutana Nairobi na kukubaliana kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwe jambo la kupewa kipaumbele.

Jumuiya nyingi hutumia mtindo wa hatua saba uliobuniwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Wanajumuiya humkaribisha Bwana, husoma kifungu, huchagua maneno yaliyowagusa, hunyamaza, huelezana walichosikia moyoni, huzungumzia kazi ya kufanya mtaani, kisha humalizia kwa sala za papo hapo. Katika hatua ya sita ndipo tafakari hugeuka kuwa debe la mahindi kwa mjane au karo kwa yatima.

Wanafunzi hujifunza nini?

Mwaka 1978, mwandishi Richard Foster wa Marekani, ambaye ni wa dhehebu la Quaker, alichapisha kitabu kilichowazindua Waprotestanti wengi kuhusu mazoea ya kale ya kiroho. Aliyapanga mazoea 12 katika mafungu matatu, na mpangilio wake hutumika sana katika kozi za malezi.

Fungu la kwanza ni la ndani ya nafsi: kutafakari, kusali, kufunga na kusoma. La pili huonekana nje: maisha ya kiasi, upweke wa hiari, unyenyekevu na utumishi. La tatu hufanywa pamoja na wengine: kuungama, kuabudu, kutafuta mwongozo na kusherehekea. Mwanafalsafa Dallas Willard, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Southern California kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2013, alieleza kwamba mazoea haya ni kama mazoezi ya mwanariadha. Anayetaka kushinda mbio hazingojei siku ya mashindano ndipo aanze kunyoosha viungo.

Zoezi moja ambalo wanafunzi wengi huanza nalo ni la kuchunguza siku kabla ya kulala. Lina hatua tano na linaweza kufanywa kwa robo saa. Kwanza mtu hushukuru kwa mema ya siku. Pili huomba mwanga wa kujiona jinsi alivyo. Tatu huipitia siku tangu alfajiri hadi usiku. Nne huomba msamaha alipokosea. Tano hupanga jinsi ya kuishi kesho.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi ambaye pia ni mzee wa kanisa. Anapoipitia siku yake anakumbuka kwamba alimkaripia mwanafunzi mbele ya wenzake kwa kukosa kalamu. Wakati huo aliona ni nidhamu. Usiku, katika ukimya, anatambua kwamba hasira ile ilitokana na deni linalomkera nyumbani. Kesho yake anamwita mtoto kando. Badiliko hilo dogo, likirudiwa siku baada ya siku, ndilo linaloitwa ukuaji. Haba na haba hujaza kibaba.

Fauka ya hayo, wanafunzi hufunzwa namna ya kusikiliza. Ni ustadi mgumu kuliko kuhubiri. Mhudumu anayemtembelea mgonjwa hospitalini hukatazwa kuharakisha kunukuu aya au kueleza ni kwa nini Mungu ameruhusu ugonjwa. Hufunzwa kuketi, kunyamaza, kuuliza swali moja la wazi na kuyatunza kama siri yale anayoambiwa.

Njia za kusoma

Anayetaka kujiendeleza ana njia kadhaa. Ya kwanza ni mafungo na semina. Vituo vya kiroho, mathalan Mwangaza kilicho chini ya Wajesuiti jijini Nairobi, huwapokea watu kwa siku za ukimya na kuwaandaa watakaowaongoza wengine.

Ya pili ni vyuo. Chuo Kikuu cha St Paul's, Limuru, kina mizizi katika shule ya dini iliyoanzishwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1903. Kilihamia Limuru mwaka 1930, kikawa chuo cha pamoja cha Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti mwaka 1955, na kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2007. Tangaza, kilichoko Lang'ata, kilianzishwa na mashirika ya kitawa ya Kikatoliki katika miaka ya 1980, na walei husoma humo pamoja na watawa.

Njia ya tatu, ambayo huenda ndiyo inayowafaa wengi zaidi, ni elimu ya theolojia kwa masafa. Mtindo huu ulianzia Guatemala mwaka 1963, katika seminari ya Wapresbiteri. Wakuu wake walitambua kwamba viongozi halisi wa makanisa ya mashambani walikuwa watu wazima wenye mashamba na familia, ambao hawangeweza kuhamia chuoni. Badala ya kumwita mwanafunzi chuoni, chuo kikamfuata mwanafunzi nyumbani. Katika miaka ya 1970 mtindo huo ulienea barani Afrika.

Wanaoufundisha huulinganisha na reli. Chuma kimoja ni kitabu ambacho mwanafunzi husoma mwenyewe nyumbani. Chuma cha pili ni kazi anayoifanya kanisani kila siku. Mataruma yanayoviunganisha ni mikutano ya kila wiki, ambapo wanafunzi na mwelekezi wao huulizana: tulichosoma kimegusana vipi na tulichotenda? Pasipo mataruma, vyuma hivyo viwili hutengana na garimoshi huanguka.

Makanisa ya mijini nayo yamebuni mitindo yao. Kanisa la Mavuno la Nairobi liliunda kozi ya majuma 10 iitwayo Mizizi, inayochanganya masomo, sala na huduma kwa jamii. Kanisa la Mariners katika jimbo la California, Marekani, liliichukua kozi hiyo na kuisambaza kwa jina la Rooted. Ni nadra kusikika kwamba Marekani imeagiza malezi ya kiroho kutoka Nairobi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hatari ya kukosa malezi

Umuhimu wa haya yote ulidhihirika kwa uchungu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Zaidi ya watu 400, wakiwemo watoto, walipatikana wamezikwa humo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, ingawa wengine walikuwa na dalili za kunyongwa. Mhubiri na washirika wake walifikishwa mahakamani na kukanusha mashtaka.

Baada ya mkasa huo, Serikali iliunda jopo lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi kutafakari jinsi ya kusimamia mashirika ya kidini. Mjadala kuhusu sheria ni mrefu. Lakini lipo swali jingine ambalo sheria pekee haiwezi kulijibu: muumini wa kawaida atatofautishaje kufunga kunakojenga na kufunga kunakoua?

Ajabu ni kwamba onyo lilikwisha kutolewa yapata miaka 1,600 iliyopita. Kasiano anasimulia habari za mzee aitwaye Heroni, aliyeishi jangwani Misri kwa miaka 50. Alifunga kwa ukali kuliko wote, hata akakataa kula pamoja na wenzake siku ya Pasaka. Hakutaka kusikia ushauri wa yeyote. Mwishowe alishawishika kwamba malaika angemlinda, akajitupa kisimani, akafa. Wazee wa jangwani walihitimisha kwamba bidii isiyo na busara huangamiza, na kwamba asiyekubali kupimwa na wengine yumo hatarini hata akiwa na mvi.

Kutokana na hekima hiyo, kozi nzuri za malezi huweka mipaka iliyo wazi. Kufunga ni kwa hiari, kwa muda unaojulikana, na hakuwahusu watoto wadogo, wajawazito wala wagonjwa. Dawa za hospitali haziachwi kwa sababu ya maombi. Hakuna mwongozi anayeruhusiwa kumtenga mtu na jamaa zake, kumwamuru auze mali, au kumtaka asiyafichue wanayozungumza. Siri ya mazungumzo ni kinga ya anayeongozwa, si pazia la anayeongoza.

Zaidi ya hayo, mlezi aliyefunzwa hujua upeo wake. Mtu anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru huelekezwa kwa daktari mara moja. Mke anayepigwa haambiwi tu avumilie na kusali, bali husaidiwa kupata usalama na haki.

Pingamizi na changamoto

Hata hivyo, si wote wanaoikumbatia elimu hii. Wapo wachungaji wanaohofia kwamba mlei aliyesoma atawapinga. Wapo waumini wanaoona ukimya na tafakari kuwa mambo ya Wakatoliki, au hata ya dini za mashariki. Na wapo wanaosema kwamba Roho Mtakatifu hahitaji darasa.

Hoja hizo si za kupuuzwa. Ni kweli kwamba kuna wanaosoma kwa ajili ya cheti na cheo, na ambao baada ya kufuzu huwa wagumu kuliko walivyokuwa. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Pia ni kweli kwamba wana-uamsho wa miaka ya 1930 hawakuwa na shahada.

Lakini wana-uamsho hao walikutana kila wiki, wakasoma Maandiko, wakachunguzana na kusahihishana. Walikosa cheti, hawakukosa malezi.

Changamoto nyingine ni gharama. Katekista anayepata posho ndogo hawezi kumudu karo ya chuo kikuu. Wanawake, ambao mara nyingi ndio wengi katika jumuiya na shule za Jumapili, hukosa nafasi kwa sababu ya kazi za nyumbani. Ndiyo maana masomo ya masafa na vikundi vya mtaani vina umuhimu mkubwa.

Idadi pekee inaonyesha ukubwa wa kazi. Katika sensa ya 2019, Waprotestanti walikuwa asilimia 33.4 ya Wakenya, Wakatoliki asilimia 20.6, waumini wa makanisa ya kievanjelisti asilimia 20.4, na wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika asilimia 7. Hakuna idadi ya mapadri na wachungaji inayoweza kuwafikia mamilioni hao mmoja mmoja.

Mambo ya kuzingatia

Anayenuia kuanza masomo haya anashauriwa kujiuliza maswali machache. Je, kozi ina mazoezi ya sala na huduma, au ni mihadhara mitupu? Je, kila mwanafunzi ana mlezi wa kukutana naye? Je, walimu wenyewe wanawajibika kwa nani? Iwapo inatoa shahada, je, chuo kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Na je, mtu ana uhuru wa kuuliza, kukataa na hata kuondoka?

Kadhalika, haifai kungoja hadi karo ipatikane. Watu watatu au wanne wanaoaminiana wanaweza kukutana nyumbani mara moja kwa wiki, wakasoma kifungu kifupi, wakanyamaza kwa dakika kumi, wakaelezana ukweli kuhusu wiki iliyopita na kuombeana. Robo saa ya kuchunguza siku kabla ya kulala haihitaji kitabu wala nauli.

Mabadiliko hayaonekani upesi, na mara nyingi mwenyewe ndiye wa mwisho kuyatambua. Wa kwanza kuyatambua huwa ni watu wa nyumbani: mke anayeona kwamba mumewe siku hizi husikiliza kabla ya kujibu, mtoto asiyeogopa tena mlango unapofunguliwa jioni, jirani aliyerudishiwa jembe lililoazimwa miaka miwili iliyopita.

Huenda huo ndio mtihani wa kweli wa elimu hii, nao haufanywi darasani. Kinyozi hawezi kujinyoa, wahenga hawakukosea. Ndiyo sababu anahitaji kinyozi mwenzake, akubali kuketi kwenye kiti, ainamishe kichwa na kumwachia mwingine wembe.